Kwa Nini Wabeba Machela Hawakatai Neno

Hapo kale, mgonjwa wa milimani alibebwa na watu wanne waliokuwa kimya, kila mmoja na mwendo wake, machela ikiruka kama mchele unaopepetwa, na wengi walifika kwa mganga bondeni wakiwa hoi kuliko walivyotoka nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi Nakundwa akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na siku ya tano damu ikawa bado inatoka, inatoka tu, mpaka miguu ikakataa kusimama. Shemeji zake wakamlaza kwenye machela, mtoto kifuani, wakaanza kushuka. Kila hatua ilimchoma tumboni. Akaogopa, jamani, akaogopa mpaka akasema lolote lililomjia: "Shemeji zangu, tungeni kisa! Mmoja atoe neno na hatua, mwenzake apokee na hatua yake. Nisikie watu, nisife nikisikia vishindo tu."

Mrindoko, aliyekuwa mbele, akacheka. "Haya, shemeji. Palikuwa na fisi."

"Fisi mwenyewe kavaa kilemba," akapokea Sekiete kutoka nyuma.

"Cha kuazima! Anakwenda kuposa!"

"Na meno kayapaka samli!"

Wenzao wawili nao wakadakia. Hakuna aliyejua kisa kinakwenda wapi, kwa hiyo kila mmoja ilimbidi amsikilize mwenzake, na katika kusikilizana huko mguu ukafuata mguu. Machela ikatulia. Mtoto akalala. Nakundwa akafumba macho, akathubutu, kwa mara ya kwanza tangu uchungu umshike, kumwona binti yake akiota meno, akitambaa, akiwajibu wakubwa vibaya.

Wakafika kwenye genge, korongo refu upande mmoja, njia nyembamba, utelezi mtupu. Sekiete akasema, "Fisi akaanguka, akafa."

"Hapana," akasema Mrindoko. "Fisi wangu hafi."

"Ameshakufa, bwana!"

"Hapana, nimesema! Nani kamwanzisha?"

Akageuka amkabili mwenzake. Bega la mbele likasimama, la nyuma likaja. Machela ikainamia gengeni. Mikono ya Nakundwa haikuwa na nguvu; akamdaka mtoto kwa nguo, nguo ikabaki mkononi.

Walishuka kumtafuta mpaka jua likatua, wakarudi mikono mitupu. Mganga akamtibu mama, damu ikakata. Akapona.

Na tangu siku hiyo, wabeba machela wa milimani hupokezana kisa, neno kwa hatua, na neno la mwenzako halikataliwi hata liwe la kipuuzi namna gani. Unaitikia "Naam" kwanza, ndipo uongeze lako. Wagonjwa hufika salama. Waliopona zamani zile walipanda kwa Nakundwa kumshukuru kwa wazo lake, wakampelekea ndizi, wakampelekea na vichanga vyao avishike avibariki. Ndizi alipokea. Vichanga, aliweka mikono nyuma, kila mara, mpaka alipokufa.