Mkaja wa Mwanakheri

Nyamazeni basi, na wewe Siwema punguza hicho kicheko, maana hii haichekeshi. Mimi nawapa hadithi, nyinyi mtanipa jibu. Mwenye jibu la haraka akae nalo mwenyewe, silitaki.

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwa kuwa cherehani zilikuwapo na mahakama ilikuwapo, palikuwa na msichana akiitwa Mwanakheri. Baba yake alikufa yeye angali mdogo. Mama yake, Bi Kibibi, akaolewa na mwanamume mwingine, Shomari, muuza mkaa. Huyo Shomari mbele za watu alikuwa mpole, salamu yake ndefu, anakuuliza mpaka hali ya kuku wako. Akishaingia ndani na mlango ukafungwa, alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mwanakheri akivunja sahani, stoo. Akichelewa kisimani, stoo. Akijibu, ana mdomo, stoo. Asipojibu, ana kiburi, stoo. Stoo yenyewe ilikuwa ya mkaa, haina dirisha. Atakaa siku moja, atakaa siku mbili, mara moja alikaa siku nne. Shule aliachishwa akiwa na miaka kumi na minne. Mkanda ulipita mgongoni pake mpaka akawa halali chali.

Na ufunguo wa stoo, sikilizeni hapa, haukukaa kwa Shomari. Ulikaa kwa mama mtu. Shomari alimwambia, "Funga wewe, na ufunguo ukae kwako. Nikikuta mlango wazi, utaingia wewe." Basi Bi Kibibi akaufunga pindoni mwa kanga yake kwa fundo la kukaza na meno. Halafu akapika uji, akautia kwenye kisahani, akakisukuma chini ya mlango. Mtoto anakunywa uji amelala kifudifudi, mama amekaa upande wa pili analia, na ufunguo uko pindoni.

Msigune. Bado.

Nyumba ile alikaa pia dada yake Shomari, jina lake Arafa. Alikuwa ameachwa na mumewe, hana mtoto, hana pa kwenda. Mwanakheri alimwita shangazi. Arafa aliona yote, na mwaka mzima alinyamaza, kwa sababu aliyekuwa akimlisha ni huyo huyo kaka yake. Mpaka mchana mmoja, watu wamekula, wamejinyoosha, Bi Kibibi amelala mkekani, Arafa akasikia kule stoo kimya. Hakuna kulia, hakuna kugonga. Kimya kile kikamtia hofu. Akanyata, akafungua pindo la wifi yake, akatoa ufunguo, akafungua mlango.

"Toka," akamwambia. "Usipite sokoni. Pita nyuma, nenda kwa Fundi Saumu."

Fundi Saumu alikuwa mjane, mshonaji wa nguo za kike, ana binti mmoja, Sikudhani, rika la Mwanakheri. Alimwona mtoto mlangoni mweusi kwa mkaa mpaka kope, hakuuliza. Alimwogesha. Shomari alipofika anafoka, Saumu akatoka kizingitini na mkasi wake mkononi. "Shomari, hapa ni kwangu. Hujapiga hodi. Rudi upige hodi, halafu nikukatalie."

Sasa mji ule ulikuwa na sheria moja, na mimi naisifu. Mtoto aliyetimiza miaka kumi na sita, kama kwao pamekuwa pa mateso, aliweza kwenda kwa hakimu kuomba hati. Akiipata, hakuna wa kumrudisha kwa nguvu. Atalala anapotaka, atafanya kazi anayotaka, jambo lake ataliamua mwenyewe kama mtu mzima. Lakini hati haikutolewa kama njugu. Hakimu alitaka mambo matatu: awe na pa kulala na kazi ya kumlisha, awe na shahidi aliyeona kwa macho yake, na mzazi aliyemzaa asimame aseme kwa kinywa chake kwamba amemwachia.

Mwanakheri alikuwa amefika umri huo, akaomba hati, na siku ya kesi mahakama ilijaa. Watu wetu mnawajua.

Hakimu akauliza, "Nani anamlaza, na anaishi kwa kazi gani?"

Saumu akasimama. "Analala kwangu. Namfundisha kushona, na cherehani yangu ya pili nimempa."

Hakimu akauliza, "Nani aliona?"

Arafa akasimama. Kaka yake amekaa mbele, anamtazama. "Mimi niliona," akasema, na akaeleza siku kwa siku, mpaka karani akaomba apumzike kidogo. Jioni alipofika nyumbani alikuta sanduku lake liko nje, limepinduliwa, na kaka yake hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini.

Hakimu akauliza, "Mzazi anasemaje?"

Bi Kibibi akasimama. Shomari akamnong'oneza, "Sema ni mtoto wako, anarudi nyumbani." Hakimu akasema, "Mama, ukimwachia, huna amri juu yake tena, hata ya kumwambia keti." Bi Kibibi akamtazama mwanawe. Halafu akasema, "Sikuweza kumlinda. Nimemwachia."

Muhuri ukagongwa. Wiki ile ile Shomari akampa talaka. Na wanawake wa sokoni wakampa jina, Mama Nimemwachia, wakamwita hivyo mpaka watoto wao wakalijua.

Haya, mnadhani imekwisha. Hapo ndipo wivu ulipoingia.

Watu husema wivu ni wa mke na mume. Waongo! Mimi hapa nilipo, mwanangu akisifu pilau la mama mkwe wake mbele yangu, chakula hakishuki. Sasa pima hawa watatu.

Bi Kibibi kila Ijumaa alipita kwa Saumu kununua uzi. Haingii ndani. Anasimama dirishani, anachagua rangi, anachungulia. Siku moja akasikia mtoto wake anaita kutoka uani, "Mama, chai tayari!" Na aliyeitika ni Saumu. Bi Kibibi akalipa uzi akaondoka bila kuuchukua. Kwake alikuwa na kopo limejaa nyuzi, na mwanamke yule hajui hata kutunga sindano.

Saumu naye msimwone ameshiba. Mwanakheri aliwahi kushikwa na homa kali, akawa anaita, "Mama! Mama!" Saumu akainama, "Nipo hapa, mwanangu." Mtoto akafumbua macho, akamtazama, akageukia ukutani. Saumu akajua ni mama yupi anayeitwa. Akaenda jikoni akalia mpaka uji ukaungua. Tena aliyemlilia huyo alikuwa amemgharimu binti yake wa tumboni. Sikudhani alihamia kwa bibi yake akisema, "Mama, humu ndani una binti mmoja tu, na si mimi." Hakurudi.

Na Arafa? Arafa alipanga chumba mwisho wa mji, akawa anakaanga mihogo. Kila Idi Mwanakheri aliwashonea gauni yeye na Saumu. Idi moja la Saumu likawa na lesi shingoni na mikononi, la Arafa lesi shingoni tu. Mwanakheri hakufikiri kitu, lesi ilipungua. Arafa alifikiri mwaka mzima. "Mimi nimepoteza kaka," aliwaambia wateja wake, "Saumu kapoteza chumba. Halafu lesi kapata nani?"

Miaka saba ikapita hivyo. Mwanakheri akawa na miaka ishirini na mitatu, fundi anayetafutwa, akaposwa na seremala mmoja, Nassoro, kijana mtaratibu. Kilemba cha baba, ile zawadi ya waoaji kwa baba wa binti, kilikwenda kwa baba mdogo wake wa mbali, hakuna aliyegombana. Alikuwa wapi huyo baba mdogo miaka yote? Msiniulize mimi, nikianza na wanaume tutakesha.

Ugomvi ulikuwa kwenye mkaja. Mkaja mnaujua: kitambaa anachojifunga mama tumboni akishajifungua. Na siku binti anaolewa, waoaji humletea mama yake mkaja mpya, kumshukuru kwa tumbo lile. Ni mmoja. Haukatwi, maana ukikatwa haufungi tumbo la mtu. Na wale wanawake watatu, kila mmoja kwake, walikuwa wameshaapa mbele ya majirani: mkaja ukienda kwa mwingine, mguu wangu hautakanyaga tena kwa Mwanakheri, hata akizaa, hata akifa. Mwanakheri alikuwa amesikia viapo vyote vitatu. Ndugu hana, watu aliokuwa nao duniani ni hao.

Siku ya harusi waoaji wakaingia ukumbini na masinia yao na vigelegele vyao. Mama mkubwa wa bwana harusi akautoa mkaja, mweupe, umekunjwa vizuri, akasema, "Mama wa bibi harusi ni yupi, tumkabidhi?"

Wakasimama watatu kwa pamoja.

Vigelegele vikakatika. Mama mkubwa akacheka kidogo, akidhani ni utani, akaona hapana.

Saumu akaanza. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimemwogesha mkaa, nimempa kitanda, nimempa kazi. Gauni alilovaa leo kalishona mwenyewe, na mkono huo nimeufundisha mimi. Binti yangu amenihama kwa ajili yake. Mkaja ni wangu."

Arafa akasema, "Ungemlea nani, fundi? Angekufia stooni ungemwogesha maiti! Mimi nilifungua mlango. Mimi nilisema mahakamani na kaka yangu ananitazama. Wewe umefungua nyumba yako, mimi nimefungiwa ya kwetu. Sina mume, sina mtoto, na ndugu niliyekuwa naye nimempoteza. Mkaja ni wangu."

Bi Kibibi akasema taratibu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkaja wa kwanza ulinikaa mimi tumboni. Na hati ile mngeleta vitanda na mashahidi mia, bila kauli yangu isingegongwa muhuri. Nilijivua umama mbele ya mji mzima ili yeye atoke. Nani kati yenu kajivua hivyo?"

"Una uso wewe!" Arafa akamrukia. "Ufunguo ulikuwa pindoni mwako! Mwaka mzima! Nimeuiba mimi!"

"Umeuiba?" Bi Kibibi akamgeukia. "Fundo lile nililikaza kwa meno kila siku. Siku ile lilikuwa limelegea, hukujiuliza? Nilikuwa macho, Arafa. Nilisikia vidole vyako. Nikageuka ubavu ili pindo likae upande wako."

Ukumbi mzima ukamgeukia Arafa.

"Muongo," Arafa akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Na kama ni kweli," Saumu akasema, "ndiyo mbaya zaidi. Ulikuwa macho, ungefungua mwenyewe."

"Ningefungua mwenyewe angeniua, na mtoto angebaki naye."

Ni kweli au alitunga siku ile kwa wivu? Mimi sijui. Arafa mwenyewe hajui mpaka leo. Alijaribu kukumbuka lile fundo lilikuwaje, akashindwa.

Mama mkubwa wa bwana harusi akachoka kuwatazama. Akamwendea Mwanakheri, akamwekea mkaja mikononi. "Mwanangu, kwa desturi wazee wako ndio wangesema. Lakini tumeambiwa wewe una hati. Huna wa kukuamulia. Basi amua, kadhi anangoja."

Mwanakheri akautazama mkaja, akawatazama wale watatu. Alikuwa amepigania hati ile akiwa na miaka kumi na sita, na miaka saba hakuijutia hata siku moja.

"Naam, nina hati," akasema, na machozi yakamtoka. "Lakini leo, wallahi, leo tu, ningependa awepo mtu wa kuniamulia."

Hakuna aliyejitokeza. Kila mmoja wa wale watatu alinyoosha mikono yake mbele, na hakuna hata mmoja aliyesema, mpe mwenzangu. Mwanakheri akafuta uso, akainuka, akapiga hatua.

Haya. Aliyezaa, akashika ufunguo, kisha akamwachia. Aliyefungua mlango akapoteza ndugu. Aliyelea akahamwa na binti yake. Asiniambie mtu ajifunge mwenyewe, bado hajazaa. Mtakayempa mmempa, na wawili waliobaki mmewatoa katika maisha ya mtoto huyu. Nijibuni, na anayejibu anitazame usoni: je, nani alistahili mkaja wa Mwanakheri?