Jumbe Aliyeitunga Sheria ya Mto

Apeni kwanza, wajukuu zangu: haya yasitoke nje ya mkeka huu. Mmeapa? Vizuri. Nami niliapa hivyo hivyo mbele ya bibi yangu, na jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeshasikia. Sogeeni.

Zamani, zamani hasa, kuku alipokuwa bado hajakubali kulala kwa watu, palikuwa na mto mmoja na nchi mbili. Juu, Kilole, kwa Jumbe Mhina. Chini, Mavumbo. Katikati, jiwe la mpaka. Maji yakivuka jiwe, haulizi mtu. Mtu akivuka, mkuki.

Basi mto ukaanza kunuka. Leo unanuka, kesho unanuka. Watu wa Kilole huteka juu kabisa, wao hawana habari. Huku Mavumbo mbuzi wanakufa, watoto wanaharisha, watu wanafunga mizigo wahame. Mwamvua mfinyanzi, mimba pevu, akagoma.

"Nikazalie njiani? Thubutu!"

Akaenda hadi kwenye jiwe, wenzake nyuma, akaita mpaka Jumbe Mhina akatoka na watu wake.

"Jumbe! Kwako kuna mtu analoweka ngozi mtoni!"

"Kwangu? Bibi wee, kwangu maji matamu kama tui."

"Basi turuhusu tutafute."

Nchi zote mbili zinatazama, na Mhina alipenda sifa. (Mnawajua watu hao. Mmoja anakaa nyumba ya pili kutoka hapa, simtaji.) Akapaza sauti:

"Kuanzia leo sheria haiishii kwenye jiwe! Anayefuata uvundo asizuiwe. Na atakayekutwa anachafua, maji ya nyumbani kwake atayateka mwenyewe huko chini Mavumbo, mpaka mto utakate!"

Vigelegele! Jumbe akatabasamu. Nani angethubutu kumnusa Jumbe?

Asubuhi yake Mwamvua akavuka, Mavumbo nzima nyuma yake. Kilole nao wakajiunga. Nani akose jambo kama lile? Wakanusa, wakaenda. Wakanusa, wakaenda.

"Mnakwenda wapi?" mlinzi akauliza.

"Iulize pua yangu, baba."

Uvundo ukawapitisha kwa wahunzi, ukawapitisha kwa wafuga nyuki, ukawaingiza migombani kwa nani? Semeni! Migombani kwa Jumbe, pasipokanyagwa na mtu!

Na Jumbe Mhina yumo mtoni, maji meusi magotini, ngozi mbichi ya ng'ombe begani, inamchuruzikia.

"Umeamkaje, Jumbe?" Mwamvua akasema.

"Hizi... nilikuwa naziondoa tu."

"Tunaona."

Mkewe alikuwa kwenye umati, katoka kuteka maji kule juu. Akamtazama, akaitazama ngozi. Akautua mtungi, akaumwaga wote, akampa mkononi.

"Mavumbo ni kule chini, mume wangu. Usikawie, nataka kupika."

Lo! Mwamvua alicheka huku kashika tumbo, wenzake wakakimbia kwenda kufungua mizigo.

Basi, wanangu, mto hauna habari na jiwe. Sheria yake nayo imfuate kila mtu, hata aliyeitunga. Kisa nimekitua hapa. Na kiapo chenu je? Haya, nendeni mkasimulie.