Bomba la Asali la Bwana Fisi

Mwaka mvua ilipowasusa wanyama wa Jabalini, jirani yao Fisi alikuwa halali kwa huruma. Jabalini kulikuwa na mapango yaliyofurika asali, lakini matumbo matupu. Mtoni, Kiboko alikuwa na samaki na nyasi mbichi, naye asali alikuwa akiililia. Katikati ilikuwa nchi ya Fisi, yenye mianzi tele.

"Mzee Simba, nitakukopesha mianzi tuunge bomba hadi kwa Kiboko," Fisi akasema. "Riba sitaki, sisi ni ndugu. Niwekee rehani kile kisima tu. Mwezi ukiandama asali haijafika mtoni, kisima changu."

Kisima hicho ndicho pekee kilichokuwa hakijakauka. Sungura, waziri wa mambo ya nje, akakohoa, lakini Simba alikwisha kuuliza zulia jekundu litatandikwa wapi.

"Nina ombi dogo," Sungura akasema. "Bomba lipite ndani ya nyumba ya Bwana Fisi. Nani atalilinda kama mwenyewe?"

Fisi nusura acheke. Kumbe waziri naye bwege! Akatia dole gumba kwenye mkataba upesi, Simba akahutubia saa tatu nzima.

Asali ilipoanza kutiririka, Fisi alitoboa mwanzi juu ya kitanda chake, akalala chali, akaachama. Kwa Kiboko halikufika hata tone.

"Poleni sana, ndugu zangu. Uchumi wa dunia ndivyo ulivyo," akawa anawaambia wajumbe wa Simba, huku akijilamba.

Zilibaki siku mbili. Tumbo lilikwisha kujaa, lakini kuziba tundu roho haikumpa. Asali ikamwagika kitandani, ikamganda mwili mzima. Siafu wa nyuma ya nyumba wakanusa, wakaingia kwa mistari.

"Nakufa jamani!" Fisi akatimua mbio hadi kisimani. Akamkuta Sungura ukingoni, mkataba mkononi, na wanyama wote wamejipanga na vibuyu. Ndipo akakumbuka nani aliyelipitisha bomba chumbani mwake.

"Nipisheni! Kisima changu hiki!"

"Bado siku mbili, mheshimiwa," Sungura akasema kwa adabu. "Na hiyo iliyokuganda mgongoni ni asali ya nani?"

"Yenu! Nimeiiba mimi! Deni nimelifuta, nimwagieni maji!"

"Tia dole gumba kwanza."

Akalitia, likanata kwenye karatasi. Simba akauliza zulia liko wapi.

Tangu siku hiyo, Fisi akisikia jirani anatafuta mkopo, hujikuna kwanza.