Kindi, Nyani na Utepe wa Mbungo

Paukwa!
*Pakawa!*
Nina nazi mkononi.
*Ikune!*
Sina mbuzi.
*Kaazime!*
Mwenye mbuzi mchoyo.
*Basi kaa utusimulie!*

Haya, nimekaa. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakila wali wa nazi na hakuna aliyewauliza nazi wamezitoa wapi, alikuwapo Kindi. Kindi alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mrefu wa mkia, na akili yake ilikuwa ndefu kuliko mkia. Alikuwa na mnazi mmoja tu. Juu kabisa, kwenye makuti, ndiko alikojenga kiota chake, na ndani ya kiota mlikuwa na watoto watatu ambao hata macho walikuwa hawajafumbua.

Asubuhi moja akaja Nyani. Nyani yule! Kifua hiki, mabega haya, mikono akitembea inafagia njia. Shamba zima la minazi pale lilikuwa lake, na bado kila akilala aliota mnazi wa Kindi.

"Bi Kindi," akasema, "shuka na wanao. Mnazi huu ni wangu."

"Wako tangu lini, Bwana Nyani?"

"Tangu leo nilipoamka."

"Na jana ulikuwa wa nani?"

"Jana imepita. Wewe mama unapenda sana mambo ya kale."

Moyo wa Kindi ukapiga pu! pu! pu! Watoto wale angewapeleka wapi? Mvua za masika zilikuwa zinanukia, na mtoto wa kindi asiyeona akinyeshewa siku moja tu, hapati ya pili. Aliogopa, tena aliogopa sana. Msidhani mjanja haogopi. Lakini akajikaza, akasema, "Twende mbuzini."

Nchi ile, kesi ya mnazi haikuamuliwa kwa ngumi wala kwa meno. Wagombanao walikalishwa kila mmoja juu ya mbuzi yake ya kukunia, wakarundikiwa vizio vya nazi, wakakuna mbele ya watu. Ukiacha kukuna mpaka mwamuzi akahesabu tatu, mnazi si wako. Kwani asiyeweza kukuna nazi, mnazi wa nini?

Nyani alicheka mpaka akaanguka chali. "Bi Kindi! Mkono wako na kidole changu cha mwisho, kinene kipi?"

"Kidole chako, bwana."

"Basi nenda kayaage makuti."

Mwamuzi alikuwa Bi Kanga, mwenye madoadoa yake na sauti ya kukwaruza. Akasema shauri litakuwa siku ya nne, jua likichomoza, na asiyefika asilaumu mtu.

Siku ya kwanza Kindi akaazima mbuzi, akajaribu. Kri-kri-kri! Kizio cha kwanza, sawa. Cha tano, sawa. Cha kumi, mkono ukaanza kuwaka. Cha ishirini, mkono ukatetemeka, kizio kikamponyoka, na alipotaka kunywa maji kata ikamwagika yote kifuani. Kindi akakaa chini akalia. Alilia kweli, kwa kwikwi.

Siku ya pili akaenda porini kwenye mbungo, akachanja, akakinga utomvu. Akautia manjano, akautandaza juani, ukaganda ukawa utepe. Utepe ule ukiuvuta unavutika, ukiuachia unarudi. Akaubandika mkononi toka kiganja hadi kiwiko, akaona raha, kama amepata mtu wa kumshika mkono. Akakuna tena. Kri-kri-kri! Akahesabu vizio ishirini na kimoja, mkono ukagoma.

"Kizio kimoja!" akasema Kindi. "Taabu yote hii kwa kizio kimoja? Na hicho chenyewe labda ni kwa sababu leo nimekunywa uji."

Akaukodolea macho utepe wake. Manjano yaling'aa utadhani ni dhahabu. Mara akaanza kucheka peke yake. Akarudi porini, akatengeneza tepe nyingine kumi. Halafu siku ya tatu nzima akafanya jambo moja tu: akaufundisha kazi mkono wa kushoto.

Siku ya nne, jua likachomoza, watu wakajaa. Nyani akaketi juu ya mbuzi yake, mbuzi ikalia ng'eee! Kindi akaketi juu ya yake, miguu haifiki chini. Utepe wa manjano mkononi, tepe kumi shingoni kama shada.

"Kuneni!" akasema Bi Kanga.

Nyani, kwaru! kwaru! kwaru!

Kindi, kri-kri-kri!

Nyani alikuna kwa mkono wa kulia peke yake, kwa nguvu zote, bila kupumua. Wa kushoto aliuweka kiunoni ili watu waone. Kindi alikuna taratibu, na kila akimaliza kizio akabadilisha mkono, huku anaimba:

*Wa kulia fanya kazi, wa kushoto pumzika,*
*wa kushoto fanya kazi, wa kulia pumzika!*

Aliimba kwa sauti, jamani! Kila mtu alisikia. Nyani naye alisikia, ila macho yake yalikuwa kwenye utepe.

Kwaru! kwaru! Vizio hamsini. Kwaru... kwaru... Vizio themanini. Bega la Nyani likaanza kuwaka moto, jasho likamtiririka mpaka puani. Akamtupia Kindi jicho. Kindi anaimba! Akatupa jicho la pili. Kindi anatikisa mkia!

Jua lilipofika utosini, Bi Kanga akapiga mbawa. "Pumzikeni! Mnywe madafu, kisha tuendelee."

Nyani hata dafu hakuligusa. Akamwendea Kindi mbio.

"Kitu gani hicho cha manjano?"

"Utepe tu, bwana. Utomvu wa mbungo."

"Unatia nguvu?"

"Hautii nguvu hata kidogo, Bwana Nyani. Ni wa kuliwaza mkono tu. Mimi nashinda kwa kupumzisha mikono, huu halafu huu."

"Muongo!" Nyani akanguruma. "Muongo mkubwa wee! Mkono kama njiti ya kibiriti, utashindaje kwa kupumzika? Nipe!"

"Chukua mmoja basi, tena usiukaze. Ukiukaza damu itagoma kupita."

"Hee! Mmoja! Wewe ujibakizie tisa?" Akamvua shada lote shingoni. Bi Kanga akafungua mdomo, Kindi akamkonyeza, Bi Kanga akaufunga.

Nyani akaona, kama mmoja unamfanya Kindi aimbe, kumi zitamfanya yeye apae. Akavuta wa kwanza kwa meno, akaukaza, pwaa! Akavuta wa pili, akaukaza zaidi, pwaa! Tano mkono wa kulia, toka kiganja hadi kwapani. Akautazama wa kushoto, akaona si haki ukose. Tano wa kushoto.

"Kuneni!" akasema Bi Kanga.

Kri-kri-kri!

Kwaru! kwaru! "Mnaona?" akafoka Nyani. "Mnaona nguvu hizo?" Kwaru... kwaru... kwa... Vidole vikaanza kuvimba. Vikawa kama mihogo. Kisha vikafa ganzi, asijue kama ameshika kizio au ameshika upepo.

Kindi naye:

*Wa kulia fanya kazi, wa kushoto pumzika...*

Kizio cha Nyani kikaanguka, ko!

"Moja!" akasema Bi Kanga.

Nyani akaparamia kizio kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto nao ganzi tupu. Kizio kikabiringika, biri biri biri.

"Mbili!"

Akainama akakiokota kwa meno, ameng'ang'ana, macho yamemtoka. Watu wakavunjika mbavu. Akajaribu kukuna kwa mdomo, mbuzi ikamkwaruza pua. "Uwiii!"

"Tatu! Mnazi ni wa Bi Kindi!"

Lo, shangwe iliyopigwa! Pimbi wakaruka, kima wakapiga vigelegele, Bi Kanga mwenyewe akasahau kuwa ni mwamuzi akacheza. Nyani akazibandua tepe kwa hasira, rrraa! rrraa! Kila utepe ukaondoka na manyoya. Akazitupa chini, akajibwaga juu ya tepe hizo anune vizuri. Utomvu wa mbungo na jua la adhuhuri, mnavijua? Alipotaka kuinuka, hainuki. Akavuta, akavuta, rrraaaa! Akainuka yeye, manyoya ya matakoni yakabaki pale. Ya mikono yaliota tena. Yale mengine hadi leo bado, na ukimuuliza sababu anakuonyesha meno.

Jioni ile mawingu yakafunga, masika ikaanguka kwa kishindo. Nyani alikuwa chini ya kichaka, amekumbatia vidole vyake. Kindi alikuwa juu ya mnazi wake, makuti yamefunika, mikono yote miwili ameilaza juu ya tumbo. Mtoto mmoja akafumbua macho siku hiyohiyo. Kitu cha kwanza alichokiona duniani ni mama yake anacheka.

Sasa funzo, maana najua mnalidai. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Kindi hakumpisha, tazameni yaliyompata: ana mnazi, ana watoto, na nazi za kukunwa amerundikiwa mpaka hajui aanze na ipi. Basi wanangu, msije mkafanya kama yeye, mtateseka hivyohivyo!

Ngano yangu nimeikuna, nimeikamua. Tui nimekunywa.
*Na sisi je?*
Ninyi gawaneni machicha.