Lori Lililokula Chakula cha Mchana

Kipimo hakikai kivulini mzigo ukiwa juani.

Mmeisikia leo mkutanoni, na mmeona watu wazima walivyocheka. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa anasoma taarifa yake kwamba maji yanatoka vizuri kijiji kizima, Mama Sekela wa kule juu mlimani akaitupa methali hiyo kutoka kiti cha nyuma, na mwenyekiti akakunja karatasi. Sasa mnaniuliza ilisemwa na wahenga gani. Wahenga! Mhenga mwenyewe ni mimi Subilaga, na meno yangu bado ninayo yote. Wewe unayechezea simu, iweke mfukoni usikilize.

Methali hii ilianza na parachichi.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilikuwa mkaguzi wa matunda katika ushirika wetu hapa Rungwe. Kabla mkulima hajachuma, nilikwenda shambani kwake, nikakata tunda moja na kuangalia ganda la kokwa. Nikisema bado, alisubiri. Nikisema tayari, alichuma. Matunda yalifungashwa, yakapakiwa kwenye lori lenye jokofu na kupelekwa bandarini Dar es Salaam kupanda meli. Parachichi likisafiri kwenye baridi hulala usingizi. Likipata joto huamka na kuiva njiani, na mnunuzi wa ng'ambo hataki tunda lililoamka kabla yake.

Mwaka huo meneja wetu wa usafirishaji, kijana msomi aitwaye Lugano, alileta kipimo cha joto. Kilikuwa kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kila baada ya dakika kumi kilituma habari kwenye kompyuta yake: lori liko wapi, na joto ni nyuzi ngapi. Aliwakusanya madereva akawaambia, "Hiki kisome nyuzi sita. Kikizidi nane kitapiga kelele ofisini kwangu, na dereva atajieleza." Hakusema zaidi, maana alikuwa na haraka.

Dereva wetu mkuu alikuwa Ambakisye, mtu makini aliyekuwa akipangusa hata tairi. Tangu safari ya kwanza, mstari wake kwenye kompyuta ulinyooka kama uzi wa mwashi. Lugano alifurahi mno. Alimvalisha koti jipya mbele ya wafanyakazi wote, akampa na cheti kilichoandikwa "Bingwa wa Baridi".

Lakini matunda yakafika laini. Shehena ya kwanza laini, ya pili laini zaidi. Mnunuzi akaandika kwamba ya tatu ikifika hivyo, mkataba umekwisha.

Lugano akaniita ofisini.

"Mama Subilaga, njiani hakuna tatizo. Baridi ilikuwepo mwanzo hadi mwisho, kipimo kinasema. Kwa hiyo matunda yaliondoka hapa yakiwa yamekomaa kupita kiasi."

"Maana yake mimi sijui kazi."

Aliinamisha macho. "Shehena ya tatu ikiharibika, bodi itatafuta mkaguzi mwingine."

Niliumia, wajukuu zangu. Miaka kumi na minane wakulima walikiamini kisu changu, na kile kisu ndicho kilichowasomesha baba zenu. Nilitamani kukiponda kile kidude kwa nyundo. Badala yake nikasema, "Nionyeshe huo mstari."

Akanionyesha. Ni kweli ulikuwa umenyooka, ila mahali pamoja. Safari zote mbili, saa saba mchana, ulipanda kidogo kisha ukashuka.

"Hapa lori linafanya nini?"

"Limesimama Makambako, dereva anakula. Ni tofauti ndogo, mama, isikusumbue."

"Dereva akila mzigo unapata joto? Na wenyewe unakula?"

Lugano akacheka. Mimi sikucheka. Nikaomba ruhusa ya kusafiri na shehena ya tatu, naye akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Tuliondoka alfajiri. Nilikaa kando ya Ambakisye na ufunguo wa kufuli la nyuma ukiwa shingoni mwangu. Saa saba tukafika Makambako, tukanunua wali na maharage, tukala ndani ya gari. Ambakisye akageuka, akavuta friji ndogo iliyokuwa nyuma ya kiti, akaifungua. Akatoa chupa ya maziwa mgando na soda mbili. Kisha, ili apate nafasi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso safi, akakiweka mapajani kwa adabu. Leso ikafunuka upande mmoja.

"Ambakisye, hicho ni nini?"

"Kipimo, dada."

"Kinafanya nini kwenye soda?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mzito wa kuelewa. "Dada, meneja alisema kisipate joto. Huko nyuma kuna joto. Kingenitia aibu bure."

Kijiko kikanisimama mdomoni. "Huko nyuma kuna joto?"

"Karibu na milango, ndiyo. Nikifungua pale bandarini hunipiga usoni."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nani angeniamini? Kipimo chenyewe kilikuwa kinasema baridi ipo!"

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Halafu nikaweka sahani chini, maana shehena ya tatu ilikuwa nyuma yetu na joto lilikuwa nayo. Nikashuka, nikafungua kufuli, nikakichomeka kile kipimo katikati ya maboksi ya mlangoni, nikafunga. Hata nusu saa haikupita, simu ikalia.

"Mama Subilaga! Lori linaungua? Kinasoma nyuzi kumi na tano!"

"Haliungui, mwanangu. Ndiyo kwanza limeanza kusema."

Nikamweleza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tufanyeje, mama?"

Tulifungua milango tena tukaangalia vizuri. Wapakiaji walikuwa wamejaza maboksi hadi darini, na jokofu liko mbele. Upepo wa baridi ungepita wapi kufika nyuma? Tukashusha safu yote ya juu, mimi na Ambakisye na koti lake la ubingwa, jasho likitutoka. Maboksi hayo tukawauzia akina mama wa sokoni kwa bei ya kutupa. Tukaondoka, na Lugano hakuachia simu. Alitusomea kama mtangazaji wa mpira: kumi na tatu, kumi, nane. Tulipokaribia Iringa alipiga kelele hadi Ambakisye akakanyaga breki. "Sita, mama! Sita ya kweli!"

Matunda yakafika ng'ambo magumu kama mawe. Mnunuzi akaandika maneno mawili tu: "Leteni mengine."

Niliporudi, Lugano alisimama mbele ya wafanyakazi wote akaniomba radhi. Alisema, "Niliamini kipimo bila kuuliza kimekaa wapi." Tangu siku hiyo, kila lori lilibeba vipimo vitatu, mbele, katikati na mlangoni, na ukutani pakachorwa mstari mwekundu ambao boksi haliuvuki. Wengine wakataka Ambakisye arudishe koti. Akakataa katakata. "Mlinipa kwa ajili ya baridi," akasema, "na baridi sasa si ipo?" Hadi leo analivaa kanisani.

Nami nilipoombwa kusema neno, nilisema lililokuwa moyoni, hilo mlilolisikia leo, basi. Wapakiaji wakalichukua, likafika sokoni, likafika mikutanoni, na leo limemfika mwenyekiti wa maji, ambaye bomba analolitazama ni la uani kwake.

Haya. Nasikia ninyi vijana mmepewa ndoo na saa mkapime maji upya kesho. Mtaanzia wapi? Unasemaje, Anyosisye? Kwa mwenyekiti, kwa sababu pana baraza na chai?

Ndiyo, mchekeni mwenzenu, ameshajisikia mwenyewe. Mtaanzia kwa Mama Sekela, bomba la mwisho kule juu, na mtapanda kwa miguu saa saba mchana, saa anayopanda yeye na ndoo kichwani. Kipimo hakikai kivulini mzigo ukiwa juani.