Msiba wa Bi Siwema

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na watani kama sisi (sogeeni hapa, na wewe huko nyuma acha kumchokoza mwenzako!), palikuwa na Kindi mmoja mjane, Bi Siwema. Alikuwa na watoto wadogo na bustani ya kunde nyuma ya nyumba.

Mwaka huo viwavi wakaivamia bustani. Krr, krr, krr! Mchana kutwa wanatafuna. Akiwaokota huku, wamejaa kule. Kunde zikiisha, watoto watakula nini? Bi Siwema alikosa hata usingizi.

Akamwita ndege Shore aliyekuwa anapita zake juu. "Shore mwanangu, shuka na wenzako mle viwavi hawa!"

"Tungependa, mama," Shore akajibu. "Ila kwako hakuna maji ya kunywa wala ya kuoga. Na mwewe akitokea, tutajificha wapi? Weka bwawa na kichaka, utatuona."

Bwawa! Kwa vidole vile vya Kindi! Akaenda kwa Nyati na Tembo, watani wa ukoo wake tangu enzi za mababu.

"Nichimbe shimo ili ndege waoge?" Nyati akafoka. "Huna haya! Toka!" Tembo alicheka tu, akaendelea kula.

"Haya," Bi Siwema akasema moyoni. "Mmenikatalia nikiwa hai."

Kesho yake asubuhi vilio vikapasua hewa. "Mama yetu weee! Mama katutoka!"

Sasa, mnajua desturi. Mtu akifa, watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaoleta maji ya kumwosha, ndio wanaokata miiba ya kuzungushia kaburi ili fisi asije kufukua. Mtani asipotokea msibani, uso wake atauweka wapi? Nyati na Tembo wakaja mbio, machozi yanawatoka.

Bi Siwema alikuwa amelazwa bustanini juu ya mkeka, chali, mkia umenyooka. Nyati akaanza kuchimba kwa kwato. Puu! Puu! Udongo ukaruka.

"We Nyati," Tembo akasema, "hilo ni kaburi la kindi, au unamzika na nyumba yake?"

"Ndivyo ninavyojua kuchimba! Kata miiba yako, niache na huzuni yangu."

Tembo akavunja matawi, kacha! kacha! akayarundika kando. Kisha akaenda mtoni, akarudi mkonga umejaa maji, akainama juu ya maiti.

"Maskini mtani wangu," Nyati akalia. "Na jana tu nilimfukuza. Angekuwa hai, wallahi ningemchimbia bwawa!"

Bi Siwema aliyasikia hayo, roho ikamuuma. Lakini kiwavi mmoja alikuwa anampanda puani, taratibu, anatekenya. Akajikaza. Akajikaza tena.

"Chyaaa!"

"Yalaaa! Maiti!" Tembo akaruka nyuma, na maji yote, pwaaa! yakaingia kaburini.

Nyati akageuka, pembe chini, macho mekundu. Pembe zile zingemmaliza kweli.

"Mtani hakasirikiwi!" akasema harakaharaka. "Na umeapa mwenyewe, ningekuwa hai ungenichimbia. Basi niko hai!"

Tembo akaangua kicheko hadi ardhi ikatikisika, na Nyati naye akashindwa kujizuia. "Kametuweza! Haka kakindi kametuweza!" Tembo akarudi mtoni, safari hii kwa hiari yake, akalijaza shimo hadi pomoni.

Haukupita muda ndege wakashuka, Shore na wenzake, na Kurumbiza, na Chozi. Kwenye maji, chubwi! Kwenye miiba, chwi-chwi-chwi! Kisha kwenye kunde, wanadonoa kiwavi baada ya kiwavi.

Bi Siwema alikaa mlangoni na watoto wake, machozi ya furaha yanamtiririka. "Ahsanteni, wanangu wa angani. Ahsanteni, watani wangu. Mungu awape."

Kunde zilipokomaa, kikapu cha kwanza aliwapelekea Nyati na Tembo, kabla watoto wake hawajaonja.

"Na ukifa tena?" Nyati akauliza, mdomo umejaa kunde.

"Nitawaita."

"Tuite. Hata tukijua ni uongo, tutakuja."

Basi wanangu, hata uliyepata msaada wake kwa ujanja, mshukuru kwa moyo wa kweli.