Nyota Iliyoleta Kila Mtu

Sogeeni karibu, na anayetafuna aache kwanza, maana mwishoni nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na wanawake watatu katika mji mmoja mdogo, upande wa Nzega. Wa kwanza, Sikudhani, alikuwa nesi asiyesahau kuweka alama. Nyamizi, karani wa masjala ya hospitali, aliijua kompyuta na vituko vyake vyote. Kabula alikuwa golikipa wa timu ya wanawake, na damu yake ilikuwa ya kundi O hasi, ambalo ni adimu. Halafu palikuwa na Maganga, fundi baiskeli, ambaye siku hiyo hakuwa na kipaji chochote zaidi ya hofu.

Mkewe Zaituni alijifungua binti salama, lakini damu ikakataa kukatika. Naye ni O hasi, na hospitalini damu hiyo ilikuwa imekwisha. Maganga akazunguka koridoni akisema kwa sauti, "Atakayemwokoa mke wangu, mtoto huyu nampa jina lake!" Walimsikia wote, hata mlinzi wa getini.

"Wachangiaji wapo," akasema Sikudhani. Alikuwa amepita vijijini juani akipima watu damu, na kila mwenye O hasi akamwekea nyota kando ya jina lake kwenye kompyuta. "Tutafute nyota tu, kaka."

Akaandika nyota, akabonyeza. Kompyuta ikaleta wilaya nzima.

Maganga akakodoa macho. "Dada, kumbe wote hawa wanayo? Mbona mlisema ni adimu?"

"Hata mimi sielewi." Akatafuta tena, wakaja walewale. Wakampigia wa kwanza.

"Mimi niko msibani Tunduma," akajibu mzee mmoja kwa ukali, "na kundi langu ni B. Nani kawadanganya?"

Maganga akaitazama tena ile orodha. Mkewe anamponyoka, na yeye amesimama mbele ya kioo kinachomwambia kila mtu ndiye.

Nyamizi akaingia, akatazama, akaguna. "Jamani! Kwa kompyuta, nyota maana yake ni chochote kile. Ukiitafuta, inakuletea kila kitu. Mimi ilishanitoa machozi: niliiambia ifute nyota, ikafuta kazi yangu yote." Akaandika kiwimbi, kile kialama cha pembeni mwa kibodi, kisha ndipo akaandika nyota. "Sasa inajua nataka nyota yenyewe."

Yakabaki majina mawili. Maganga hakuelewa hata chembe, ila alitaka kumkumbatia. Simu ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili akapokea kocha wa Kabula.

Kabula alikuwa golini, fainali, penalti ndiyo kwanza zinaanza. Alipoambiwa kuna mzazi anakata roho hakuuliza ni nani. Akamwachia beki lango, akarukia bodaboda na glavu mikononi. Damu yake ikamshikilia Zaituni mpaka gari la damu lilipofika kutoka mkoani. Timu ikafungwa, na baadhi ya wenzake hawamsalimii hadi leo.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wote watatu wakaja na kanga za zawadi. Mama yake Maganga akampakata mjukuu. "Haya mwanangu, nimwite nani?"

"Bila nyota zangu mngemtafuta nani?" akauliza Sikudhani.

"Nyota zako, shoga, ndizo zilizotupoteza," akasema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyeziibua."

Kabula alikuwa ameinamisha kichwa. "Ninyi mmerudi kazini kwenu, kila mtu na kiti chake. Mimi sina timu tena."

Maganga akaona kila mmoja anasema kweli, na hilo likamchanganya zaidi. Akamgeukia mkewe amsaidie.

"Usinitazame mimi," akasema Zaituni. "Nilikuwa nakufa, ukagawa jina la mwanangu bila kuniuliza. Nami nilikuwa nimeshamchagulia la kwangu."

Ahadi ilisikika, deni ni la kweli, na mama ana haki yake. Mtoto akaanza kulia, bibi akambembeleza bila kumtaja jina.

Basi ninyi mnaonong'ona huko nyuma, semeni tusikie: mngekuwa Maganga, bibi huyu mngemjibu nini?